Hati safi, mtaro mchafu



Leo, Dominika ya 25 ya Mwaka C, Kanisa linatusomea Injili ya Luka, sura ya 16, mfano wa wakili dhalimu. Mfano huu hutusumbua mapadri kila unaporudi, kwa sababu si rahisi kuwaeleza waamini kwa nini Bwana anamtaja kwa sifa mtu aliyefuja mali ya tajiri wake. Mwaka huu haukunisumbua sana. Nilikuwa nimetoka sokoni.

Parokiani kwetu kuna mama mmoja, mjane, mwenye kuuza maharage na dagaa katika soko la mtaa. Ni mwenyekiti wa jumuiya yake, na sadaka yake haichelewi. Jumatatu moja baada ya Misa ya asubuhi alinijia ofisini ameshika kopo la maziwa ya unga. Akanisalimu, akakaa, akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na stakabadhi tupu, zimefungwa mafungu mafungu kwa mpira, kila mwezi na fungu lake.

“Baba Paroko,” akasema, “wewe umesoma. Naomba unijumlishie.”

Zilikuwa stakabadhi za ushuru wa soko, shilingi 500 kwa kila siku anayopanga meza, siku sita kwa wiki. Nikajumlisha za mwaka mmoja: shilingi 156,000. Za miaka mitatu: shilingi 468,000. Akaniambia soko lile lina meza kama mia tatu hivi. Nikarudi kwenye kikokotoo: wote wakilipa kama yeye, ni shilingi 46,800,000 kwa mwaka. Mama aliitazama ile namba kwa muda, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa tu: “Sasa Baba, mbona choo hakina mlango?”

Sikuwa na jibu. Seminarini nilisoma falsafa na teolojia kwa miaka mingi, nikafaulu mitihani ya maadili, lakini hakuna mwalimu aliyenieleza inakuwaje shilingi milioni 46 zishindwe kununua mlango mmoja wa mbao.

Hata hivyo, mama yule hakuja kwa ajili ya choo. Masika iliyopita kizimba cha taka cha soko kilikaa wiki kadhaa bila kuzolewa. Mvua ikanyesha, taka zikaingia mtaroni, mtaro ukaziba, maji yakapita chini ya meza za watu, yakapita chooni, yakaendelea na safari yake hadi kwenye nyumba za jirani. Baada ya hapo kikaja kile ambacho huja siku zote. Mjukuu wake wa miaka mitano akalazwa kwa kipindupindu. Bibi akakaa naye wodini siku nne. Aliporudi sokoni, mtozaji wa ushuru alikagua stakabadhi zake na kuona siku nne hazipo. Mama akaeleza alikokuwa. Akajibiwa kwamba yeye hakuwepo, ni kweli, lakini meza ilikuwepo. Deni lilikuwa shilingi 2,000. Siku hiyo hakuwa nayo, fedha yote ilikuwa imeishia hospitali. Mgambo wakachukua mizani.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Mizani ilikaa kwenye stoo ya halmashauri wiki tatu, na iliporudishwa ilikuwa imepungukiwa jiwe la nusu kilo. Ndiyo maana mama alitaka kujumlishiwa. Alisema, “Nataka kujua mimi nimewapa kiasi gani, ili nijue kama kweli nilikuwa na deni.”

Mpendwa msomaji, sitaitaja halmashauri hiyo. Nikiitaja, wasomaji wa miji mingine watalala usingizi. Nikiacha kuitaja, kila mmoja atadhani ninasema ya kwake, na pengine hatakuwa mbali na ukweli.

Sasa turudi kwenye Injili. Tajiri anapelekewa habari kwamba wakili wake anatapanya mali. Anamwita, anamtaka alete hesabu ya kazi yake, na anamwambia kwamba kazi imekwisha. Angalia jinsi mambo yanavyokwenda haraka. Habari imefika, mtu ameitwa, hesabu imetakiwa, kazi imekoma. Mistari miwili tu.

Wakili yule alikuwa na bahati mbaya ya kuzaliwa mapema mno. Angekuwa mtumishi wa jiji letu, mambo yangekwenda kwa utaratibu. Kwanza tajiri angeandikiwa barua kwamba suala lake limepokelewa na linafanyiwa kazi. Kisha ingeundwa kamati. Kamati ingekutana, na kwa kuwa ilikutana, ingelipwa posho ya kikao. Kikao cha kwanza kingegundua kwamba wajumbe hawana uelewa wa kutosha kuhusu mashamba ya mafuta na ngano, kwa hiyo wangefanya ziara ya mafunzo katika mji ambao mawakili wake ni waaminifu. Wangerudi na picha za pamoja na shati moja moja la zawadi. Kikao cha pili kingependekeza apatikane mshauri elekezi. Mshauri angeomba mafaili, na hapo ndipo ingefahamika kwamba mafaili yalipotea ofisi ilipohama. Mwisho wa yote, wakili mwenyewe angepata uhamisho wa kwenda kusimamia mali ya tajiri mwingine, na wenzake wangemfanyia tafrija ya kumuaga.

Wakili wa Injili hakuwa na uhamisho wa kumwokoa. Ndiyo maana alilazimika kufikiri.

Na alipofikiri, alifanya jambo la pili ambalo ni adimu kwetu: alijitazama. Alikiri moyoni kwamba kulima hawezi, na kuomba anaona haya. Alikuwa mwizi, lakini alikuwa na haya. Nimekaa kwenye viti vya wageni rasmi mara nyingi, nimesikia ripoti nyingi za utekelezaji zikisomwa mbele ya vumbi na madimbwi yaleyale ya mwaka jana, na sijawahi kusikia sauti ya msomaji ikitetemeka hata kidogo.

Jambo la tatu ndilo lililonikaa zaidi kichwani baada ya kulitazama lile kopo. Wakili dhalimu alifoji hati. Aliyedaiwa vipimo mia vya mafuta akaambiwa aandike hamsini. Aliyedaiwa vipimo mia vya ngano akaambiwa aandike themanini. Ni udanganyifu, wala sitautetea hapa gazetini. Lakini hebu ona ulielekea wapi: kalamu ya yule mwizi ilipogusa karatasi, mdaiwa alipata nafuu. Kwetu, karatasi inapochezewa huko ofisini, mdaiwa ndiye anayeongezewa mzigo. Fedha ya mlango ikipotea, mama haambiwi kwamba imepotea. Anaambiwa kwamba makusanyo ni hafifu, kwa hiyo mwakani ushuru utapanda. Yaani hata kwa viwango vya mwizi wa Injili, sisi tumeshindwa mtihani.

Huenda unasema, “Padri, haya ni ya siku hizi. Zamani watu walikuwa na uzalendo.” Ngoja nikukumbushe kisa cha zamani kidogo, kilichoko kwenye kumbukumbu za mahakama zetu, kila mtu anaweza kukisoma.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walichoka. Halmashauri ya Jiji ilikuwa ikimwaga taka za jiji zima karibu na makazi yao. Zilikuwa zinachomwa, moshi ukiingia majumbani, harufu na inzi vikifanya kazi usiku na mchana. Wakaenda Mahakama Kuu na wakashinda. Jiji likaamriwa liache kumwaga taka pale na litafute mahali panapofaa ambapo taka hazitadhuru afya za watu. Unadhani lilifanya nini? Liliomba muda. Muda ukaisha, likaomba mwingine. Mwaka 1991 shauri lilipokuwa mbele ya Jaji Lugakingira, Jiji lilikuwa bado linaomba kuongezewa muda. Jaji alikataa. Alistaajabu kwamba chombo cha umma kinaweza kwenda mahakamani bila wasiwasi kuomba ruhusa ya kuendelea kuchafua mazingira ya watu na kuhatarisha maisha yao. Na aliegemea ibara ya 14 ya Katiba yetu, inayosema kwamba kila mtu ana haki ya kuishi.

Tafakari hapo kidogo. Jaji aliona kwamba rundo la taka na haki ya kuishi ni habari moja. Sisi wahubiri tunaotetea uhai tangu tumboni tunapaswa kumshukuru, maana mtoto akishazaliwa anahitaji pia asife kwa maji ya mtaro.

Je, Jiji liliongoka? Lilihamia Kunduchi Mtongani. Mwaka huohuo wa 1991 mkazi mmoja wa huko pamoja na wenzake 794 nao wakaenda Mahakama Kuu, nao wakashinda. Baadaye taka zikaelekezwa Vingunguti, na wakazi wa Vingunguti wakapata zamu yao ya kuvuta moshi. Ni kama mtu anayefagia nyumba kwa kusukuma uchafu kutoka sebuleni kwenda chumbani, na wenye chumba wakipiga kelele anausukuma jikoni.

Mwaka 1996 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alilivunja Baraza la Jiji la Dar es Salaam, na ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Watu wengi wanakumbuka kwamba mambo yalibadilika katika miaka ile. Kazi ya kuzoa taka ilifunguliwa kwa makampuni na vikundi, barabara zikafanyiwa kazi, mapato yakaongezeka. Mwaka 2000 zikaanza manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, safari hii na Rais Magufuli, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Mji ambao katika sensa ya 1988 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.3, katika sensa ya 2022 ulikuwa na watu 5,383,728.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Nasema kwamba kuvunja baraza si sawa na kuvunja tabia. Unaweza kubadilisha jina la ofisi, nembo, mhuri na rangi ya magari, na bado kizimba cha sokoni kikabaki kama kilivyo. Kinachobadilisha mji ni pale mtu mmoja anapojua kwamba ataulizwa, na akajua ataulizwa na nani, na lini.

Hapa naomba nieleze neno moja ambalo linatuchanganya sana wananchi: hati safi. Katiba yetu, ibara ya 143, imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kila mwaka anakagua hesabu, zikiwemo za halmashauri, anampelekea Rais ripoti yake, na ripoti inafika bungeni. Halmashauri ikipata hati safi, viongozi hufurahi, na wengine hata hutangaza kwenye mabango. Ni jambo jema, sitaki kulidharau. Lakini hati safi maana yake ni kwamba vitabu vya hesabu vimeandaliwa kwa viwango vinavyotakiwa na vinaonyesha hali ya fedha jinsi ilivyo. Haina maana kwamba mtaro umezibuliwa, wala kwamba kila shilingi ilitumika kwa faida ya yule aliyeitoa. Ndani ya ripoti hiyohiyo yenye hati safi mnaweza kuwa na hoja nyingi za ukaguzi ambazo hazijajibiwa, nyingine zikirudi mwaka hadi mwaka kama wimbo wa kwaya.

Kwa hiyo mkurugenzi anaposimama na kusema, “Tumepata hati safi,” tumpigie makofi, kisha tumuulize kwa heshima: “Na hoja za mkaguzi ni zipi, na mmezijibu?” Mama wa maharage ana hati safi pia. Kopo lake halikosi hata karatasi moja. Tofauti ni kwamba yeye alipokosa za siku nne, alinyang'anywa mizani.

Na habari ya mizani inatupeleka kwenye somo la kwanza la leo. Nabii Amosi, sura ya nane, anawakemea wafanyabiashara wanaopunguza kipimo, wanaoongeza bei na kuchezea mizani ili kumnunua maskini kwa fedha kidogo. Tumezoea kuwahubiria wenye maduka kwa maneno hayo. Amosi angefika kwenye soko letu leo, nadhani angeanza na stoo ya halmashauri, aulizie jiwe la nusu kilo.

Je, Biblia inatupa mfano wa mtawala wa mji aliyefanya vizuri? Inatupa. Fungua kitabu cha Nehemia. Alikuwa liwali wa Yuda, mji wa Yerusalemu ukiwa magofu. Alipofika, hakuitisha waandishi wa habari. Alitoka usiku na watu wachache, akazunguka ukutani kuona kwa macho yake palipobomoka, na miongoni mwa mahali alipopita ni Lango la Jaa, yaani lango la kutolea taka. Kiongozi mkuu wa mji alianza kazi kwa kwenda kuangalia jalala, tena usiku, wakati hakuna wa kumpiga picha.

Katika sura ya tatu yameandikwa majina ya waliojenga na sehemu ambayo kila mmoja alijenga. Hiyo ni ripoti ya utekelezaji isiyo na maneno mengi: fulani, kipande hiki. Lango la Jaa lilijengwa na Malkiya mwana wa Rekabu, naye alikuwa mkuu wa mtaa. Hakuliachia lango la taka watu wa chini yake. Na Watekoa wanatajwa kwa sifa, lakini mwandishi haogopi kuongeza kwamba wakubwa wao walikataa kuinama kufanya kazi. Zaidi ya miaka elfu mbili imepita na bado tunasoma kwamba wakubwa wale walikwepa. Ukaguzi wa Mungu haupotezi mafaili.

Sura ya tano ndiyo ngumu zaidi. Nehemia anasema kwamba kwa miaka kumi na miwili ya uliwali wake, yeye na ndugu zake hawakula posho ya liwali, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito. Waliomtangulia walikula, tena wakatoza na fedha juu yake, na hata watumishi wao wakawaonea watu. Yeye hakufanya hivyo kwa ajili ya kumcha Mungu. Simtaki diwani wetu afanye kazi bila posho miaka kumi na miwili, ana watoto wa kusomesha. Ninachomwomba ni kidogo: kabla ya kusaini posho ya kikao cha kujadili choo cha soko, apite kwanza kwenye choo hicho, na akitumie.

Hadi hapa, mpendwa msomaji, huenda umefurahi. Wamesemwa wakubwa. Sasa nisemwe mimi.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na harambee ya kumalizia paa la kanisa. Alikuja mgeni rasmi, mtu mwenye nafasi katika mji. Alitoa kiasi kikubwa, fedha taslimu, ndani ya bahasha. Nikamshukuru kwa kipaza sauti, waamini wakapiga vigelegele, kwaya ikaimba. Sikujiuliza mtu mwenye mshahara wa aina ile alizipata wapi fedha zile. Au niseme kweli: nilijiuliza usiku, nikajipa jibu kwamba paa linavuja. Leo mvua ikinyesha waamini wangu hawalowi, na kila nikilitazama paa lile nawaza kama mlango wa choo cha sokoni haumo humo ndani.

Mtume anayepokea bila kuuliza hana sauti ya kumkemea anayetumia bila kueleza. Nimeungama jambo hilo kwa Mungu, na leo naliungama kwenu.

Zaidi ya hapo, Kanisa lenyewe lina sheria. Sheria Kanoni, kanuni ya 537, inataka kila parokia iwe na halmashauri ya fedha. Kanuni ya 1287 inataka wasimamizi wa mali ya Kanisa wawape waamini hesabu ya mali ambayo waamini wenyewe wameitoa. Ni wangapi kati yetu mapadri tunaifuata bila kusukumwa? Kwetu, baada ya kisa cha kopo, tumeanza kusoma mapato na matumizi ya parokia kila baada ya miezi mitatu, mwisho wa Misa, na karatasi inabandikwa ubaoni. Mara ya kwanza mzee mmoja aliuliza kwa nini mafuta ya gari la paroko yamezidi sadaka ya watoto yatima. Nilijisikia vibaya. Nilitaka kumjibu kwamba suala lake linafanyiwa kazi. Hapo ndipo nilipomwelewa mkurugenzi: kutoa hesabu kunaumiza, na mwanadamu yeyote asiyelazimishwa atakwepa. Ndiyo maana haki haiwezi kutegemea wema wa mtu peke yake. Inahitaji watu wa kuuliza.

Naomba sasa niseme na wewe uliyeajiriwa katika halmashauri, uliye diwani, mwekahazina, mtozaji, mkandarasi wa taka. Ninajua uko hapa. Unasoma ukurasa huu, na pengine leo umepokea Komunyo. Sikuhukumu. Nataka tu nikukumbushe tulichofundishwa katika amri ya saba: dhambi ya kuchukua kitu cha mtu haimalizwi na machozi, inadai kukirudisha. Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko. Bwana alipoingia nyumbani kwake, hakusema kwamba atajitahidi kuboresha. Aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu, mara nne. Toba ya fedha ya umma ina namba ya malipo. Ukija kwenye kiti cha maungamo, nitakusikiliza kwa upole, lakini nitakuuliza habari ya kurudisha.

Na kama wewe ni mwaminifu, kama unakataa kusaini na wenzako wanakucheka, ujue kwamba tunakuombea. Najua wapo watumishi wa namna hiyo. Mara nyingi hatuwaoni, kwa sababu mtaro ukiwa umezibuliwa hakuna anayesimama kuushangaa.

Mwisho, niseme na sisi sote tunaorudi nyumbani baada ya Misa. Baba Mtakatifu Pius XI, mwaka 1931, alitufundisha kanuni ya auni: jambo linaloweza kufanywa na ngazi ya chini lisiporwe na ngazi ya juu. Tumezoea kuipenda kanuni hiyo tunapodai haki. Lakini ina upande wa pili. Kama ngazi ya chini ni sisi, basi lipo la kwetu la kufanya.

Kwanza, tuache kutupa taka mtaroni usiku na kuamka asubuhi tukilaumu halmashauri. Wengine tumetoka kwenye rozari ya jumuiya na mfuko mweusi tumeuacha darajani.

Pili, tudai stakabadhi na tuzitunze. Ukilipa bila stakabadhi ili upunguziwe mia mbili, wewe na mtozaji mmegawana mlango.

Tatu, twende kwenye mikutano ya mtaa. Nimeangalia: mkutano wa mtaa unakosa watu, sherehe ya kipaimara inakosa viti. Katika mkutano ule ndipo mtu wa kawaida anapoweza kusimama na kuuliza mapato na matumizi mbele ya wenzake, bila wakili na bila ada ya mahakama. Wakazi wa Tabata walilazimika kwenda hadi Mahakama Kuu. Sisi tunashindwa kwenda hadi chini ya mwembe.

Mama wa maharage alikwenda. Alikwenda na wanawake kumi na wawili wa jumuiya yake, kila mmoja na kopo lake. Hawakutukana mtu. Walikaa mbele, wakayaweka makopo chini, na ilipofika zamu ya maswali, mama akasimama akasoma ile namba niliyomwandikia kwenye karatasi. Aliyekuwa anaendesha mkutano alisema kwamba suala hilo litafanyiwa kazi. Mama akasema asante, akaomba liandikwe kwenye muhtasari pamoja na tarehe ya kujibiwa. Ikabidi liandikwe.

Ningependa kukuambia kwamba choo kimepata mlango. Bado. Wiki iliyopita alikuja fundi na futi kamba, akapima, akaondoka. Jiwe la nusu kilo halijaonekana. Mama amenunua jingine kwa fedha yake, na stakabadhi ya jiwe hilo ameiweka kwenye kopo.

Tarehe iliyoandikwa kwenye muhtasari ni mwisho wa mwezi huu. Wamekubaliana kurudi wote kumi na watatu, na wameniomba niwasindikize. Nimekubali. Wewe, mpendwa msomaji, ulize mkutano wa mtaa wako ni lini.

Nawatakieni Dominika njema.